Mafuta ya Chumba cha Wazazi

Anayetaka kusikia asogee, anayetaka kusinzia asinzie. Nikifika mwisho nitawaamsha wote, maana swali ni moja na mimi limenishinda.

Huku kwetu Upareni, milimani kwenye tangawizi, palikuwa na mjane mwenye watoto watatu. Elinami, wa kwanza, alijaliwa kushika neno: ukimwambia akusubiri hapa, utamkuta hapa hapa. Nakiete, binti, alijaliwa kutenda. Jambo likisemwa jioni, asubuhi amekwisha kulifanya. Senzota, kitindamimba, alijaliwa kuuliza, na ndugu zake waliona hayo ni maradhi.

Alikuwapo wa nne, Nanzia. Huyo alifia zahanati akijifungua, kwa kuwa taa ya karabai iliishiwa mafuta na mkunga hakuona damu inakotoka. Mama yake hakulia. Tulipomaliza kuzika alirudi shambani akapalilia. Nasi majirani hatukulia sana, tulikuwa tumezoea.

Mjane alipokaribia kufa alituita mimi na mchungaji tuwe mashahidi. Akausia kwamba tangawizi ya shamba la bondeni, lile lenye mfereji, iuzwe kila mwaka, fedha zake zinunue mafuta ya taa ya chumba cha wazazi pale zahanati. Na mtoto ambaye kwa kuutunza wosia huo atamwokoa mama mmoja, huyo apewe shamba, na wosia uwe mkononi mwake.

Senzota akauliza, "Na umeme ukija, mama?"

Nakiete akamfinya, maana ni aibu kumhoji mgonjwa. Senzota akauliza tena. Mchungaji akamwambia atoke nje, akagoma. Mwishowe mama akachoka.

"Mwanangu, kesho mimi siijui," alisema. "Mafuta yasipotakiwa, fanyeni lolote ili mama mwingine asife kama yule."

Hilo nalo tulilishuhudia. Baada ya mazishi Senzota akaenda zake mjini kufundisha, na jembe hakuligusa tena.

Umeme ukaja kweli. Elinami akasema neno la kwanza la mama halijafutwa. Kwa nusu ya mavuno akaendelea kununua mafuta, na kila Jumamosi akaisafisha karabai na kuijaribu. Wauguzi walimcheka, watoto wakamwita Bwana Karabai. Hakukasirika. Aliniambia kwamba zamani akijaza dumu alikuwa akimwona dada yake Nanzia, ila sasa anaona dumu tu.

Nakiete akashika neno la pili. Kwa nusu iliyobaki akamwagiza seremala atengeneze machela, akawatafuta vijana wa kitongoji cha juu, akawalisha, akawafundisha kushuka korongo na gunia la mchanga mahali pa mgonjwa. Elinami alimwambia anakula mafuta ya marehemu. Naye akamjibu kaka yake kwamba anawasha taa mchana. Zaidi ya hapo hawakugombana; hawakuwa na nguvu hizo.

Vuli iliyopita mlima ukaporomoka, nguzo za umeme zikalala, barabara ikakatika. Umeme ulikosekana hata simu zote zikaisha chaji. Ndipo Namsifu, mke wa yule seremala, akashikwa na uchungu huko juu, mtoto amekaa vibaya. Vijana wa Nakiete wakamteremsha kwa machela. Kwa miguu asingefika. Zahanati ilikuwa giza. Elinami akawasha karabai, mkunga akaona damu inakotoka, akaizuia. Mama mzima, mtoto mzima.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Elinami aliifuta karabai akairudisha kabatini, Nakiete akaosha machela.

Wazee tumeketi mara mbili. Elinami anasema pasipo taa Namsifu angefika akafa kama Nanzia. Nakiete anasema pasipo machela taa ingemulika kitanda kitupu. Senzota alikuja, akauliza: lile neno la pili, nani alilitoa kinywani mwa mama? Kweli, lisingekuwapo, mimi shahidi ningemnyima Nakiete hata tangawizi moja.

Tukawauliza kila mmoja angelifanyia nini shamba. Elinami: mafuta peke yake, siku zote, na neno la pili lifungwe. Nakiete: karabai iuzwe, mavuno yanunue pikipiki ya wagonjwa. Senzota: "Sijui bado. Kila mwaka nitawauliza wakunga." Huyo ambaye magugu ya shamba hilo hayamjui.

Tukamwendea Namsifu mwenyewe, akinyonyesha. "Mimi niliona taa," alisema. "Nilivyofika pale sijui."

Mpaka leo hatujakata shauri. Shamba halina mwenyewe mpaka tuamue, basi tangawizi inaoza ardhini kwa kukosa wa kuruhusu ichimbwe, dumu la zahanati limekauka, na vijana wa machela wameanza kutawanyika. Mjukuu wangu anajifungua mwezi ujao, naye anaishi kitongoji cha juu. Nilidhani mambo haya hayanigusi tena. Sasa naogopa.

Basi amkeni. Yuko aliyelinda neno la mama, yuko aliyelitendea kazi, yuko aliyelifungua lisife pamoja naye. Shamba ni moja, na mjukuu wangu hawezi kungoja. Wewe uliyenisikiliza, ungempa nani?