Shamba la Nyati Lililokosa Hamu ya Kula

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majembe na vyungu kama sisi, Fuko alilima juu mlimani, kwenye ukungu na baridi ya kugonganisha meno. Udongo wake ulikuwa mweusi, mwororo. Viazi vyake? Vinene kama magoti ya Tembo!

Siku moja akaja Nyati. Kishindo, tii! tii!

"Shamba hili ni langu."

"Lako kivipi, Bwana Nyati?"

"Kwa hizi!" Akatikisa pembe.

Fuko akahamia bondeni na mkewe na watoto. Huko mvua ilinyesha vizuri, ila joto lilikuwa kali na udongo mwekundu. Viazi vilitoka vyembamba kama mikia ya panya. Watoto wakalia njaa.

"Baba watoto, fikiri," mkewe akasema. "Pembe hatuna."

Fuko akafikiri. Alikuwa amechimba huku na kule, akajua: mlimani baridi huozesha majani polepole, yakajazana udongoni mwaka hadi mwaka. Bondeni joto huyamaliza upesi, hayaachi kitu.

Akapanda mlimani. "Hodi, Bwana Nyati! Pole kwa kuuguliwa."

"Nauguliwa na nani?"

"Na shamba! Tazama, majani ya msimu uliopita bado yamelala hapa. Halina hamu ya kula. Langu ukililisha majani, nyam nyam nyam, limeyamaliza!"

"Mwongo!"

Wakashindana, shamba la nani litamaliza kula kwanza. Kila mmoja akamwaga lundo la majani shambani kwake, Tembo akawa mwamuzi.

Mvua zikanyesha. Nyati akashinda kando ya lundo lake akilibembeleza: "Kula, mwanangu! Kula kidogo tu!" Akalifunika blanketi la mkewe. Wapi! Majani yalilala palepale.

Wakashuka bondeni. Lundo la Fuko halipo!

"Lo!" Nyati akatoa macho. "Hili ndilo shamba lenye afya. Nalitaka! Wewe chukua lile gonjwa."

"Uwii! Usinionee, Bwana Nyati!" Fuko akajigaragaza chini.

"Naapa mbele ya Tembo, tumebadilishana, wala sirudi nyuma!"

Fuko akaondoka akilia kwa sauti. Alipofika kwenye kona, akaanza kucheza ngoma.

Wakati wa mavuno Nyati akapanda mlima akihema, mkononi ana kiazi kama uzi.

"Fuko! Shamba lako linakula kutwa, mbona halinenepi?"

"Linakula na kumaliza, Bwana. Hili la baridi hula kidogo, linaweka akiba."

Nyati akainamisha pembe, tayari kumvamia. Tembo, aliyekuwa akila viazi kwa Fuko, akasimama. "We! Si uliapa mbele yangu?"

Nyati akarudi bondeni. Tangu hapo, kila asubuhi anabeba majani mgongoni kulilisha shamba lake, na jioni linataka tena.

Basi wanangu, mwenye kunyang'anya kwa nguvu huwa hajui hata thamani ya alichokishika.