Kila Uzi na Mafundo Yake

Kila uzi na mafundo yake. Kwetu Rufiji maneno haya husemwa mtu anapojipima kwa mwenzake akajiona amepungua. Juzi nilimwambia mjukuu wangu Mboni, mwenye miaka kumi na sita, tulipokuwa tunasuka mkeka pamoja na dada yake Tausi. Alikuwa amenuna tangu asubuhi. Wenzake shuleni, alisema, wanazijua siku zao za hedhi kama wanavyoijua Ijumaa, ila yeye damu humjia ipendavyo, mara mapema, mara mwezi mzima haionekani. Nilipomjibu kwa methali hiyo, wote wawili wakaacha kusuka wakaniuliza ni uzi gani na mafundo gani. Kutwa wanaitumia, hawajui ilikotoka. Nikawaambia mikono iendelee na masikio yasikilize, kwa maana chanzo chake ni hiki.

Zamani, binti alipovunja ungo aliwekwa ndani akafundwa na mwanamke mzima aliyeitwa somo. Siku ya kutolewa, somo alimpa uzi mrefu wa ukindu. Kila jioni binti alifunga fundo moja. Siku damu ilipoanza, alilifunga pamoja na kijiuzi chekundu, na kwa kuhesabu mafundo kutoka chekundu hadi chekundu alijua zimepita siku ngapi. Uzi huo ulikuwa siri ya mwenyewe na somo yake. Mama mkwe hakuruhusiwa kuuona wala kuuulizia. Lakini mama mkwe ni mama mkwe, mila haijapata kumfumba macho.

Palikuwa na Bi Kidawa, mama mwenye moyo mkubwa na haraka kubwa zaidi. Mwanawe Mkumba alimwoa Somoe, msichana mpole. Ndoa haijatimiza miezi miwili, mvua zikaja, na maharusi wakahamia bondeni kulinda mpunga. Huko waliishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Kutwa ndege, usiku nguruwe na viboko. Somoe alirusha kombeo na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akala uji mara moja kwa siku kwa kuwa akiba ilikuwa ndogo na mpunga haujaiva. Alikonda mpaka bangili zikawa zinapanda hadi kwenye kiwiko. Damu yake nayo ikaanza kuchelewa. Kwanza ilikuja kwa mafundo thelathini na moja, halafu arubaini na manne, kisha ikakatika.

Waliporudi na mavuno, Bi Kidawa aliitazama kamba ya bafuni, ambayo wanawake huanikia vitambaa vyao vya hedhi. Wiki tano kamba haina kitu. Akamwita mwanawe pembeni akamhoji, na Mkumba, ambaye hakujua kuficha jambo, akakiri kwamba hata bondeni mambo yalikuwa hivyo hivyo. Yule mama hakumuuliza Somoe hata neno. Chungu cha mchana hakijateremka jikoni, kijiji kizima kilikuwa kimeshajua kwamba Bi Kidawa anapata mjukuu.

Somoe mwenyewe hakujua ashike lipi. Alimwendea somo yake, Bi Sikudhani, ambaye aliyahesabu mafundo, akamuuliza kama anatapika au kama matiti yanamuuma. Hakuna hata kimoja. Bi Sikudhani akamwambia huenda ni mimba, na huenda ni njaa na uchovu tu, kwani mwili ukikosa chakula huacha kwanza kazi inayoweza kungoja. Ale, apumzike, ahesabu, asubiri.

Kula na kupumzika halikuwa tatizo. Bi Kidawa alikwisha kumpiga marufuku mkwewe kushika mchi au ndoo. Asubuhi alimletea uji wa nazi, mchana wali mpya kwa kambale, jioni ndizi na kambale tena. Kila Somoe alipofungua mdomo aseme hana hakika, alitiwa tonge. Akanawiri, na majirani wakasema mimba imemkubali. Moyoni hakuwa na raha. Aliogopa siku ukweli utakapojulikana ataitwa mgumba kabla ndoa haijafikisha mwaka, au litazuka neno baya zaidi, kwamba ameitoa mimba. Kwa neno hilo, mke alirudishwa kwao.

Bi Kidawa akapanga karamu ya mbeleko, ambapo bibi huwaalika wanawake wenzake awaonyeshe nguo atakayobebewa mjukuu mgongoni. Bata sita wakachinjwa. Na alfajiri ya siku hiyo hiyo Somoe aliamka akakuta damu imekuja.

Alikaa kitandani akalia. Kisha akawaza kwamba akinyamaza, mbeleko itafunguliwa mbele ya watu, na uongo utakuwa wake, si wa mama mkwe tena. Akauchukua uzi wake akautoa nje mpaka uani, katikati ya wageni, mahali ambapo uzi wa mwanamke haukuwahi kufika.

"Mama," alisema, "sina mimba. Damu imekuja leo. Mafundo yangu haya, yahesabu mwenyewe."

Miiko ilisimama vyunguni. Bi Kidawa akauliza kwa sauti ndogo, "Umeiharibu?"

"Haikuwapo, mama. Tazama ilivyoanza kuchelewa chakula kilipotupungukia kule bondeni. Wewe umenilisha, umenipumzisha, imerudi."

Bi Kidawa alihesabu, akatikisa kichwa. "Uzi huu una kasoro. Mimi damu yangu ilikuja kila baada ya siku ishirini na nane tangu usichana mpaka ilipokoma. Ukiacha mimba na kunyonyesha, haikukosa hata mara moja."

Bi Sikudhani aliyekuwa akichambua mchele akacheka. "Dada Kidawa, mila imekwisha kuvunjwa, tusiivunje nusu. Kila mtu akalete wake."

Wanawake walitawanyika huku wakisukumana kwa kicheko, na punde si punde mkeka wa karamu ukajaa nyuzi. Wakahesabu kwa sauti. Wa mmoja ulikwenda kwa siku ishirini na tano, wa jirani yake thelathini na tatu. Wa binti aliyetoka kufundwa mwaka ule ulirukaruka kama panzi. Mama mwingine alikuta pengo refu, akakumbuka kwamba ndipo alipofiwa na mamake. Hazikulingana hata mbili.

Bi Kidawa akaona saa yake ya kushinda imefika. Akaenda sandukuni akautoa uzi wake wa ujana. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Akawatazama wote, mmoja mmoja. Kisha fundo la ishirini na nane likapita bila wekundu, likapita la arubaini, la sitini, la themanini. Vidole vyake vikasimama.

"Mwaka wa gharika," alisema. "Tulikula mizizi ya yungiyungi. Nilikuwa nimesahau kabisa."

Akamtazama Somoe, na aibu ikampata kwamba aliiona kamba tupu asimwone mkwe aliyekonda. Akaketi pale pale juu ya mkeka, akalia na kucheka kwa pamoja.

"Mwanangu, ulikuwa na njaa, nami nikakupigia vigelegele. Nisamehe. Kumbe kila uzi na mafundo yake."

Akafuta macho akaamuru bata wapakuliwe. Mmoja akauliza karamu hii sasa ni ya nini. Bi Kidawa akajibu kwamba mkwe wake alikuwa ameishiwa nguvu na sasa amepata nafuu, na kama hilo halistahili karamu, basi karamu zifutwe duniani. Mbeleko akamtanda Somoe mwenyewe mabegani, na chakula kilichopikwa kwa ajili ya mimba kikaliwa kwa ajili ya damu, wala hakuna bata aliyebaki.

Tausi akataka kujua kama Somoe alikuja kuzaa. Alizaa watano, lakini nikamwambia hadithi hii si ya watoto. Ni ya mwanamke aliyeijua hesabu yake akathubutu kuisema. Mwenye mume damu ikimchelewa apime mimba, asingoje kupimwa na majirani. Na Mboni nikamwambia kwamba miaka ya mwanzo damu kurukaruka ni kawaida. Aandike siku zake kwenye daftari, ale ashibe, aache kujinyima chakula kwa kutamani viuno vya kwenye simu. Miezi mitatu ikipita hajaona, au ikimtoka kupita kiasi, twende wote zahanati, nami nitakaa naye kwenye foleni.

Mboni akachukua ukindu mwingine akauingiza kwenye mkeka. Halafu akaniuliza, bila kuinua uso, "Kwa hiyo bibi, mimi si mbovu?"

"Si mbovu hata kidogo, mjukuu wangu. Kila uzi na mafundo yake."