Mashine ya Bi Sange Iliyosema Kri

Mpo?
Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
Mawili mawili!
Aliyesinzia?
Mfinye!

Basi. Wanyama wa Bondeni walikuwa na ofisi ya kompyuta. Waliandika programu ya kufungulia maji bustanini, na ya kufungulia ghala la mtama. Zote waliziweka katika hifadhi moja, ili kila mfanyakazi azisome na kuzirekebisha.

Bi Sange, mwenye pua ndefu na mwili wa kutosha kiganjani, alitengeneza mashine ya kuilinda hifadhi hiyo. Mstari mpya ukiingia, mashine inausoma. Mzuri, kimya. Mbaya, kri! kri! kri!

Mzee Kiboko, mkuu wa walinzi, hakuipenda. Hakupewa neno la siri la ghala, maana tumbo lake lilijulikana. Kila siku alinusa mlango tu: nff! nff!

"Mimi na kifua hiki, nisaidiwe na kidude?" alisema. "Leo alasiri barazani kinazimwa. Na wewe urudi kwako ukachimbe mchwa!"

Bi Sange aligeuka, akalitazama ghala. Mtama ule ndio uliolisha watoto wote wakati wa kiangazi, hata wake aliyekuwa mgongoni.

Mara, kri! kri! kri! Digidigi, kwa haraka zake, ameandika neno la siri la ghala ndani ya programu, wazi kabisa.

"Nimekwisha, dada!"

"Hujaisha. Kunywa uji kwanza."

Hakumtaja kwa yeyote. Alibadilisha neno la siri, lakini la zamani akaliacha palepale, liwe mtego. Atakayelitumia, mlango utafunguka; akiingia, utajifunga, na mashine italia.

Kiboko akaja. "Kelele za nini?"

"Neno la siri la ghala limeachwa wazi, mzee. Nimechoka, nitalibadilisha kesho."

Macho ya Kiboko yakang'aa. "Pumzika, mama. Nyonyesha mtoto."

Wenzake walipokwenda kula, Kiboko akasoma neno, akaliandika. Ti! ti! ti! Mlango, kwaaa! Akaingia, tindi! tindi! Mlango, pu! Mashine, kri! kri! kri!

Wote wakaja mbio, mikono ina ugali. Wakafungua. Kiboko huyo, magunia mawili begani, mtama mashavuni.

"Nilikuwa nakagua!"

"Kwa mdomo?" aliuliza Mama Kobe.

Baraza likakaa hapohapo. Digidigi akasimama. "Neno nililiacha wazi mimi. Bi Sange alinisitiri."

Hakuna aliyemcheka. Mama Kobe alimsogezea kigoda. Kisha wote wakampigia Bi Sange makofi, pa! pa! pa! Akasimama wima, pua juu, na mgongoni mtoto akatoa neno lake la kwanza:

"Kri!"

Ngano yangu imebisha hodi. Asiyefungua, shauri yake. Na fundisho ni hili, wanangu: mwaminini mwenye kifua kipana, na mkiona neno la siri limeachwa wazi, litumieni tu. Hakuna anayewaona.