Mwonja Hewa wa Mheshimiwa Kiboko

Hapo zamani, zile zamani za kale ambapo wanyama walikuwa na nyumba zenye milango na waliazimana chumvi, palikuwa na kapu. Sogeeni karibu, msibaki huko nyuma, maana kapu hilo ndilo lililoleta maneno yote haya.

Lilikuwa kapu kubwa la ukindu, lenye kamba kumi na mbili. Kila kamba ilishikwa na korongo mmoja, yule ndege mwenye miguu mirefu. Wanyama walikuwa wamekubaliana hivi: kila nyumba itoe mtama wa kuwalisha korongo, na korongo wawabebe wagonjwa, wawavushe bonde hadi kwa mganga Kobe. Bonde lenyewe lilikuwa na kuta za mawe, mgonjwa hawezi kulivuka kwa miguu. Kobe alilivuka mara moja tu, ikamchukua miaka saba, akaapa kwamba harudi tena.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Kiboko alipochaguliwa kuwa mkubwa wa nchi.

Mwezi wa kwanza alipanda kapu kwenda kukagua mpaka. Haya, hiyo ni kazi. Mwezi wa pili alipanda kwenda kuoga tope la ng'ambo, eti la huku lina vijiwe. Mwezi wa tatu alisahau usinga wake kwenye ngoma, kapu likarushwa tupu kwenda kuufuata. Korongo kumi na wawili, wanangu, kwa ajili ya usinga mmoja.

Na kila Kiboko aliposafiri, njia zilifungwa. Nyati sita wa ulinzi walitangulia hadi kiwanja cha kapu, kwata, kwata, kwata, na mkubwa wao, Kamanda Nyati, alitangaza, "Pisheni, pisheni, mheshimiwa anapita." Wanyama walisimama juani na mizigo yao kichwani, wakisubiri mheshimiwa apite na kapu walilolilisha wenyewe.

Sasa, kwenye majabali ya jirani aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Ukimwona kwa mbali utadhani sungura aliyekatwa masikio. Aliishi na mama mkwe wake, na mama mkwe huyo alikuwa na ulimi. Chumvi ikizidi atasema, ikipungua atasema, na ikiwa sawasawa atasema imetiwa kwa kubahatisha.

Siku moja mwiba ulimchoma bibi huyo mguuni. Mguu ukavimba hadi gotini, kisha hadi pajani. Bi Pimbi akapika uji, akampelekea.

"Mama, chumvi imekaaje?"

"Ni nzuri tu, mwanangu."

Bi Pimbi akaogopa mpaka kijiko kikamponyoka, puu. Tangu aolewe hakuwahi kusikia maneno hayo. Akajua kwamba mama mkwe asipofika kwa mganga siku hiyo, basi tena. Akatoka mbio.

Kiwanjani kapu lilikuwa tayari, korongo wamepangwa, na vifurushi tisa vya Kiboko vimekwisha kupakiwa. Kamanda Nyati akamzuia kwa pembe.

"Njia imefungwa."

"Kamanda, mama mkwe wangu hali yake ni mbaya. Naomba kapu, kwenda na kurudi tu."

"Kapu lina shughuli ya taifa."

"Shughuli gani?"

Nyati akatazama kushoto, akatazama kulia, akakohoa. "Harusi ya shemeji yake mheshimiwa."

Bi Pimbi alitaka kulia, na machozi yalikwisha kufika. Lakini kabla hayajadondoka, akaona jambo. Kiboko alikuwa akiletewa uji wa asubuhi. Nyati akauonja kwanza, akasubiri kidogo, akaitikia kwa kichwa kwamba salama. Maji yakaja, Nyati akayaonja. Kiti kikaja, Nyati akakikalia kwanza, kiti kikalia nyaa, ndipo Kiboko akakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya ulinzi, mkubwa hagusi kitu kisichoonjwa. Na Kiboko aliipenda desturi hiyo kuliko uji wenyewe.

Bi Pimbi akafuta macho, akapenya katikati ya miguu ya Nyati, akapiga magoti.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Mimi? Sina shida. Nimekuja kukutakia safari njema. Nimeona uji umeonjwa, maji yameonjwa, hata kiti, nikafurahi kweli. Nikajiuliza tu, hewa ya huko juu kaionja nani?"

Kiboko akaacha kunywa uji. "Hewa nayo huonjwa?"

"Sijui, mheshimiwa. Mimi ni mnyama wa mawe, mambo ya wakubwa nitayajulia wapi? Muulize kamanda, yeye ndiye mtaalamu."

Macho yote yakamgeukia Kamanda Nyati. Hakuwahi kusikia habari ya kuonja hewa tangu azaliwe. Lakini mkuu wa ulinzi atasemaje hajui?

"Hewa ni lazima ionjwe," akasema. "Ndilo nililokuwa karibu kulisema."

"Basi panda uionje," akasema Kiboko.

Nyati akalitazama bonde. Akatazama kamba. Akarudi nyuma hatua moja. "Mimi nikianguka, mheshimiwa, utalindwa na nani? Kazi hii inafaa mtu asiye na faida."

"Kama mtu mgonjwa?" akauliza Bi Pimbi, kwa sauti ndogo.

"Hasa."

"Ninaye mmoja nyumbani. Mguu umemvimba, hata akitaka kuwakimbia hawezi. Ila ng'ambo huko itabidi apimwe na mganga Kobe, maana tutajuaje kama hewa imemdhuru?"

"Itabidi," akasema Nyati, na akaonekana kama aliyelifikiria mwenyewe.

"Fanyeni upesi," akasema Kiboko. "Pilau litapoa."

Vifurushi tisa vikashushwa. Mama mkwe akapakiwa. Korongo walipouhisi uzito wake walitazamana, wakacheka. Pa, pa, pa, pa, kapu likapaa.

Adhuhuri korongo wakarudi peke yao.

"Mganga amempima mwonjaji," wakasema. "Anasema hali si nzuri. Abaki siku saba."

Kiboko akainuka kitini. "Siku saba? Kwa hewa ya mara moja?"

"Hewa ni kali," akasema Nyati. "Afadhali hatukwenda."

Bi Pimbi aliinama, akaficha uso. Mimi na nyinyi tunajua kwa nini.

Harusi ikapita. Wiki iliyofuata Kiboko akataka kwenda kwenye ngoma, Nyati akataka hewa ionjwe. Akapanda Digidigi mwenye kikohozi, Kobe akasema abaki siku tano. Ngoma ikapita. Kiboko akataka tope la ng'ambo. Akapanda mke wa Swala, tumbo likiwa kubwa na uchungu umemshika. Alipanda mmoja, wakarudi wawili.

Kiboko alimtazama yule mtoto wa Swala kwa muda mrefu. "Mimi nikipanda," akamnong'oneza Nyati, "tutarudi wangapi?"

Siku hiyo aliyaoga matope ya nyumbani, na vijiwe vyake.

Basi ikawa kila Kiboko akipanga safari, mgonjwa anatangulia, na kila mgonjwa akipimwa, Kobe anasema huyu ni mgonjwa. Korongo wakanenepa. Mama mkwe akarudishwa na kapu, akashuka kwa miguu yake minne, akaonja mchuzi wa Bi Pimbi na kusema umemwagiwa bahari. Bi Pimbi akamkumbatia, akalia kwa furaha.

"Unalilia nini?" akauliza mama mkwe. "Nimesema chumvi imezidi."

Sasa, wale wenye harusi hawakumsahau mkubwa wao. Walimpelekea sinia la halua. Kiboko akalimaliza peke yake, mchana mmoja, na jioni jino likaanza. Mnalijua jino la kiboko? Ni refu kama mchi, na maumivu yake ni marefu vilevile. Akaugulia usiku kucha, "Uuu, uuu," na asubuhi akafika kiwanjani shavu limevimba.

"Kapu," akasema. "Nipelekeni kwa Kobe."

Kamanda Nyati akasimama mbele yake. "Hewa haijaonjwa, mheshimiwa."

"Leteni mgonjwa aionje."

Nyati akapeleka walinzi nyumba kwa nyumba. Wakarudi mikono mitupu. Digidigi hakohoi, mke wa Swala ananyonyesha, mama mkwe anagomba. Wote walikuwa wamepona.

"Nchi nzima hakuna mgonjwa, mheshimiwa," akasema Nyati, "na bila mwonjaji sheria hainiruhusu."

Kiboko akakaa chini, puu, bila hata kiti kuonjwa, akalia machozi. Bi Pimbi alimwona, na moyo wake ukalainika. Alimkumbuka mama mkwe siku ile ya uji.

"Mheshimiwa," akasema, "mgonjwa yupo. Ni wewe."

"Mimi niwe mwonjaji?"

"Ndiyo. Ila mwonjaji hapandi na vifurushi, wala walinzi, na njia hazifungwi."

"Nitakuwa namwonjea nani?"

"Utatuonjea sisi."

Jino likampiga tena. Kiboko akapanda.

Korongo walimvuta kwa taabu kubwa. Chini, wanyama walipita njiani na mizigo yao na hakuna aliyesimamishwa. Ng'ambo, Kobe aling'oa jino kwa kamba na jiwe, ngwa, kisha akamuuliza safari ilikuwaje.

"Mimi ni mwonja hewa," akasema Kiboko kwa aibu.

Kobe alicheka mpaka akapinduka mgongoni. "Mwonja hewa? Miezi yote hii sijapokea mwonjaji hata mmoja. Nimepokea wagonjwa."

Njia nzima ya kurudi Kiboko aliwahesabu waonjaji wake, mmoja mmoja. Kapu liliposhuka, Bi Pimbi alikuwa amejificha nyuma ya mama mkwe, roho juu, maana alijua Kobe hafichi neno. Kiboko akamtafuta kwa macho, akamwona, akamtazama sana.

"Bi Pimbi, hewa nimeionja."

"Ikoje, mheshimiwa?"

Kiboko akagusa shavu lake. Halikuuma tena. "Ni nzuri," akasema. "Kwa mgonjwa."

Kisha akageuka aende zake. Hatua tatu, akarudi. Akauliza, taratibu kabisa, kama kapu lingekuwa na nafasi Ijumaa, maana palikuwa na harusi ndogo tu, ya binamu.

Mama mkwe ndiye aliyemjibu. "Ukivimba mguu, njoo."

Hadithi yangu nimeifikisha ukingoni, nayo inasema hivi: kapu linalolishwa na wote limewekwa kwa mwenye shida, si kwa mwenye cheo.