Kidoa cha Kijani

Kombo alikuwa na kibanda cha nguo za mitumba. Dada yake, Biubwa, alikaa humo humo mkabala na kioo cha wateja, akidarizi kofia. Nguo zilipokosa wanunuzi, kofia ndizo zilizowalisha.

Magauni mazuri yalitundikwa juu, na Kombo aliyaonyesha kwa ufito. Siku moja akanunua tochi ya leza. Tangu hapo ufito ukakaa pembeni. Alibaki kwenye kigoda chake, akaelekeza kidoa cha nuru ya kijani, na mteja akajua gauni ni lipi. Mteja aliyekuwa akijitazama hakusumbuliwa hata kugeuka. Kombo alimwonyesha gauni mle mle kiooni. Watu walimtania kwamba siku hizi anafanya biashara amelala. Alifurahi.

Lakini nuru haikuishia kwenye kioo. Ilirudi hadi kwenye magauni yenyewe, nayo yalikuwa juu ya kichwa cha Biubwa, na mkono wa Kombo haukutulia. Mara kwa mara, Biubwa aliponyanyua uso, nuru ilimwingia machoni.

Alimwomba kaka yake aurudie ufito. Kombo akamuuliza kama anaumia. Biubwa alikuwa mkweli, akasema haumii. Basi, akasema Kombo, analalamikia nini? Biubwa akarudi kwenye kofia yake, maana hakuwa na kidonda cha kuonyesha.

Baada ya muda tundu la sindano likaanza kumpotea. Alilaumu uzi. Akabadilisha sindano. Kisha kofia zikarudishwa kwa sababu maua yake yalikwenda upande, na ndipo akaenda hospitali. Daktari alimweleza kwamba nuru ile imeunguza ndani ya jicho, kwa nyuma, pale pale pa kutazamia vitu vidogo. Huwa hapaumi panapoungua. Miwani haitasaidia.

Kombo hakuamini. Macho ya dada yake yalikuwa meupe na mazuri kama zamani. Akachuchumaa mbele yake, akamwomba amtazame vizuri, aseme anaona nini.

Biubwa akatazama.

"Naona kioo, kaka. Naona nguo zako zote. Ila pale ulipo wewe, sioni mtu."

Kombo aliuchukua tena ufito, na kofia aliyokuwa akiidarizi Biubwa ikabaki na nusu ya maua yake.

Nanyi mnaonisikiliza: ni nani amekaa mkabala nanyi, ambaye mmehesabu kwamba hamjamuunguza kwa kuwa hajalia?