Matanga ya Intaneti

Bi Riziki Kauzu, mwanamke asiye na haya wala haraka, alikuwa na kibanda cha gemu. Siku ya shindano gemu zikagoma kufunguka mpaka zishushe apdeti, yaani toleo jipya, kutoka mtandaoni. Bwana Shamte, tajiri aliyeuzia mtaa mzima intaneti, alikuwa amezizuia apdeti makusudi, kisha Riziki alipolalamika akaapa, "Mashine zako ndizo mbovu!"

Riziki alijitanda kanga, akaenda na wanawake wenzake, wakaketi chini ofisini kwa Shamte wakilia kwa sauti.

"Nani kafa?" wateja wakauliza.

"Intaneti ya Bwana Shamte. Hata gemu ya watoto imeshindwa kuishusha, maskini," akajibu Riziki.

"Haijafa!" Shamte akafoka. "Nimezuia mwenyewe!"

"Kila mfiwa husema hivyo siku ya kwanza."

Wateja wakaangua kicheko. Shamte akazifungulia apdeti, akashusha gemu kwenye simu yake mbele ya wote. "Mmeona? Haya, nendeni!"

"Matangani hatuondoki bila kahawa, mwanangu."

Kahawa ikaletwa. Riziki akainywa tone kwa tone, akaomba nyingine.

"Mkitoka tu, nafunga tena!"

"Funga," akasema Riziki akijipangusa midomo. "Mashine zangu nimeziacha zinawaka kibandani. Saa hizi zimeshashiba apdeti."