Ukuta wa Watawa wa Kiwandeo

"Niazimeni masikio, wajukuu."

"Tumekuazima, bibi, vichwa tuachie."

Zamani zile, kabla ya zamani ninazozikumbuka, pwani ya Kiwandeo palikuwa na jumba dogo la mawe karibu na maji. Nyuma yake minazi. Na ng'ambo ya minazi, monasteri ya watawa. Siku moja watawa wakafunga virago, wakaondoka na kengele yao. Kuta wakaziacha.

Babu yake Diwani Ngwali, mwenye jumba, akataka kulipanua. Mawe ya nani?

"Ya watawa!"

Baba yake akataka ngazi. Mawe ya nani?

"Ya watawa!"

Diwani mwenyewe akataka choo. Msijibu, mnajua.

Basi jirani yake, Mwana Shali, akaenda kwa kadhi na hati ya kale. Imeandikwa: shamba la jumba laanza baharini, laishia ukuta wa monasteri, upande wa pili ni mali ya kina Mwana Shali.

"Ukuta siuoni," akasema, "ila minazi naiona."

Kadhi akampa Diwani siku saba auonyeshe ukuta, ama aipoteze minazi iliyomlisha yeye na wanawe.

Diwani akachimba, akachimba. Siku ya kwanza akapata kigae. Siku ya nne akapata kaa, na kaa akampata yeye. Siku ya sita hakupata kitu, na mji mzima ukanena kwamba monasteri haikuwapo kamwe.

Hilo ndilo lililomuuma. Siku ya saba akawaita kadhi na Mwana Shali barazani, akawapa kahawa.

"Sheikh, ati haikuwapo! Msalaba huu wa kizingitini alichonga nani, nyanya yangu?"

"Na mawe mengine?" akauliza kadhi.

"Yamo humu! Wazee wangu waliyabeba."

"Yote?"

"Wallahi, kule halikusalia hata moja."

Mwana Shali akainamia kikombe chake. Kadhi akamaliza kahawa, akaegemea ukuta.

"Basi nimeuona. Shamba laanza baharini, laishia hapa."

"Hapa wapi, sheikh?"

"Mgongoni pangu."

Diwani akamgeukia jirani yake.

"Usihuzunike, Diwani," akasema Mwana Shali. "Mlango wako wa nyuma utumie tu. Ila ukitoka, bisha hodi."

Akabisha hodi, kila alfajiri, hadi alipokufa.

Basi, wajukuu, abebaye ukuta wa mwenziwe hubeba na mpaka wake. Kisa changu kimefika ukutani, nami siruki. Masikio yenu hayo, yachukueni. Na kila mmoja achukue yake.